Mayai hayatotoi? Kabla hujamchinja jogoo, pasua yai uangalie ngozi ya kiini

Mayai yakianza kutoka viza kwenye inkubeta kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kumlaumu jogoo, wiki hiyohiyo anaingia sufuriani, anatafutwa mwingine mwenye mwili mkubwa, alafu mwezi unaofuata mashine inatoa viza zilezile. Inaniuma kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa ndani ya yai, na mayai machache ya kupasua yangekuambia zaidi ya majogoo watatu wa kubadilisha. Mimi naamini kabisa kwamba mtetea ana mchango mkubwa kwenye yai kurutubika kuliko tunavyompa, na mchango huo uko kwenye ule utando mwembamba unaoshika kiini kisitawanyike. Kwa hiyo humu tunapita dalili moja moja, tunatafuta chanzo, na kila mara tunarudi kwenye yai lenyewe.

NGOZI YA KIINI INAFANYA NINI

Ukivunja yai kwenye sahani kiini kinakaa duara kwa sababu kimefungwa na utando wenye tabaka mbili. La ndani lina unene wa mikroni 1 mpaka 3.5 hivi, la nje 3 mpaka 8.5, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, yaani hapo tunaongelea kitu ambacho jicho linaona kama kung'aa tu. Tabaka la ndani limefumwa kwa protini za ukoo unaoitwa ZP. Kuku ana jeni sita za ukoo huo, ZP1, ZP2, ZP3, ZP4, ZPD na ZPAX, na ni ukoo uleule wa protini unaozunguka yai la ng'ombe na la binadamu pia.

Sasa sikiliza hili maana ndo limenifanya niandike. ZP3 na ZPD zinatengenezwa palepale kwenye ovari, na seli zinazokizunguka kiini kinapokua, lakini ZP1 ambayo ni mojawapo ya zile kubwa haitengenezwi ovari, inatengenezwa kwenye INI. Homoni ya estrojeni ndo inaliamrisha ini, protini inaingia kwenye damu, inasafiri mpaka kwenye ovari na kukaa mahali pake kwenye utando. Watafiti wakimdunga jogoo estrojeni hata ini lake linaanza kuitoa. Kwa hiyo kuku mwenye ini bovu anaweza kuendelea kutaga na wewe unafurahi na trei zako, kumbe ngozi ya kiini inaanza kushonwa vibaya tangu mbali kabisa na mahali unapoangalia.

Kazi yake ni hii. Kiini kikichomoka kwenye ovari kinadakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ule uliotanuka kama faneli, na hapo mbegu za jogoo zinatakiwa ziwe tayari zimefika. Mbegu inashika kwenye tabaka la ndani, inamwaga vimeng'enya vyake na kutoboa tundu. Hazitoboi popote tu, matundu yanajaa zaidi juu ya kile kidoa cheupe kwenye kiini, ndipo ilipo mbegu ya mtetea, na ZP2 nayo imekusanyika zaidi eneo hilohilo. Muda wa kufanya haya yote ni kama dakika 15 tu, baada ya hapo mrija unaanza kukifunika kiini kwa tabaka la nje lenye ovomusini na laisozaimu, na mbegu inayochelewa inanasa humo, haifiki. Ndo maana nasema ngozi ya kiini ni daftari, matundu ya tabaka la ndani yanaonyesha waliogonga wakafunguliwa, na mbegu zilizonasa tabaka la nje zinaonyesha waliokuja mlango umeshafungwa. Maabara wanahesabu vyote viwili kwa hadubini kwenye yai la kawaida lililotagwa asubuhi, hawahitaji hata kusubiri siku ya kutotoa.

Tofauti na mamalia, kwenye kuku kuingia kwa mbegu nyingi kwenye yai moja ni kawaida wala si hitilafu. Moja tu ndo inaungana na ya mama, zilizobaki zinakufa, ila kwenye kware imeonekana wazi kwamba mbegu ikiingia moja peke yake yai halipati msukumo wa kutosha kuanza kukua. Kwa hiyo uchache wa mbegu unaopita kwenye ngozi nao ni tatizo, si lazima ziwe sifuri.

KIPIMO CHA KWANZA, HAKIHITAJI MAABARA

Chukua mayai mabichi, yaliyotagwa leo au jana, yasiyoingia kwenye mashine, kama kumi au ishirini kutoka banda lenye shida. Najua inauma kuvunja mayai ya mbegu ila ukilinganisha na trei nzima utakazotupa siku ya 21 ni hasara ndogo. Liache yai limelala ubavu dakika kadhaa ili kidoa kije juu, toboa gamba kwa juu, menya taratibu kama dirisha, mulika kwa tochi ya simu na tafuta kidoa cheupe juu ya kiini.

Yai lisilo na mbegu ya jogoo lina kidoa kidogo, cheupe kilichokolea, kingo zake zimechanikachanika hazina duara safi, na pembeni unaona vijishimo vidogo kama povu. Lililorutubika kidoa chake ni kikubwa zaidi, milimita 4 hivi, na kina umbo la pete, katikati panapitisha mwanga na pembeni pana ukingo mweupe wa duara. Hiyo pete ni mtoto tayari, maana yai likitagwa lina seli makumi elfu zilizogawanyika humo ndani ya mwili wa kuku. Ukipasua matatu manne jicho litazoea.

Wakati unapasua angalia na kitu cha pili ambacho karibu kila mtu anakiruka: ngozi yenyewe inashikaje? Mimina kiini kwenye kiganja, kipitishe mkono mmoja kwenda mwingine. Cha yai bichi la kuku mzima kinavumilia, kinazunguka, hakipasuki. Kikipasuka kabla hujakigusa vizuri, na yai ni la leo, hiyo ni taarifa. Andika namba, mangapi yana pete, mangapi hayana, mangapi yamepasuka, maana dalili zote zinazofuata zinategemea hizo namba tatu.

DALILI: Ukimulika siku ya 7 mayai mengi ni meupe, hamna mishipa, na mabichi uliyopasua hayana pete

Hapa kweli mbegu hazikufika au hazikupita. Sasa ndo tunaanza na jogoo, lakini kwa utaratibu.

Hesabu kwanza. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10 ni sawa kwa kuku wengi, ukimpa 20 wengine hawapandwi kabisa na wengine wanapandwa mpaka mgongo unabaki mtupu. Kuwa na majogoo wengi mno nako ni shida, hasa kuchi, wanashinda wakipigana na kila mmoja anamwangusha mwenzake akiwa juu ya mtetea. Tazama banda saa kumi jioni mpaka jua linapozama, muda huo ndo kupandana kunakuwa kwingi, na si mahaba tu bali ina maana kimwili: asubuhi mitetea mingi ina yai gumu kwenye kizazi na mbegu hazipandi vizuri. Wanaopandikiza mbegu kwa mkono nao wanafanya mchana kuelekea jioni kwa sababu hiyohiyo.

Mkamate jogoo, usimwangalie kwa mbali. Nyayo zina vidonda? Jogoo mwenye kidonda kwenye unyayo anawika vizuri, anapendeza, anakimbilia chakula, ila hapandi kwa sababu kushikilia mgongoni kunamuuma. Mnene mno naye anashindwa kufikisha mkia. Manyoya yaliyosongamana sana kwenye tundu la haja, kwake na kwa mtetea, yanazuia, hasa kwa kuku wa asili ya Brahma na Cochin, hapo mkasi unatosha. Kuna jambo la kurithi pia ambalo wafugaji wengi hawalijui, jogoo mwenye kilemba kilicholala kama waridi akiwa amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama mbegu zake zinakuwa dhaifu kuliko za mwenye kilemba cha kawaida cha meno. Si sababu ya kumchinja ila usimtegemee yeye peke yake kwenye banda.

Chakula cha jogoo ni eneo linalosahaulika kabisa, majogoo wengi wanakula leyazi mashi, chakula cha kuku wa mayai, wakati wote kwa sababu wanakaa na mitetea. Hicho chakula kina kalisiamu asilimia 3.5 mpaka 4, ya kutengeneza magamba, na jogoo hatengenezi gamba, anahitaji chini ya asilimia 1, zilizobaki figo zake ndo zinahangaika nazo. Ukiweza mtundikie chombo chake juu ambapo mitetea haifiki.

Alafu muda. Umeleta jogoo mpya jumatatu, alhamisi unakusanya mayai ya kutotolesha, hapana ndugu yangu, mpe siku kumi ndo uanze kuhukumu. Na kinyume chake, mtetea ana vijifuko vidogo sana kwenye mpaka wa uke na kizazi ambamo anahifadhi mbegu, na kutoka humo anaziachia kidogokidogo wiki mbili mpaka tatu bila kupandwa tena. Bata mzinga anahifadhi muda mrefu zaidi. Maana yake ukitoa jogoo wa zamani leo, vifaranga vya wiki ijayo bado ni vyake, na kama unafanya ukoo safi usije ukachanganya. Maana nyingine, jogoo akiumwa leo wewe unakuja kuona mashine ikiharibika karibu mwezi baadaye, unaanza kutafuta kosa la juzi wakati kosa ni la zamani.

DALILI: Jogoo mzima, anapanda kila jioni, wengine wanarutubika ila mitetea fulani haipati kitu

Hii ndo inanipa hasira zaidi wakati jogoo anachinjwa, kwa sababu jogoo yuleyule anatotolesha kwa mitetea mingine! Tenganisha mayai kwa mtetea, hata kwa kuwaweka kwenye vizimba kwa siku chache au kuwasubiri wakitaga, na andika namba ya kuku kwenye yai kwa penseli.

Mtetea aliyezeeka anahifadhi mbegu kwa muda mfupi zaidi, vile vijifuko havishikilii kama zamani, kwa hiyo baada ya kupandwa mwenzake mchanga bado anaendelea kutaga yaliyorutubika wakati yeye ameshamaliza. Dawa yake ni apandwe mara nyingi zaidi, au umwache atage ya kula. Aliyewahi kuugua bronkaitisi ya kuku, yale mafua makali ya virusi ya mrija wa hewa, akiwa bado kifaranga anaweza kubaki na mrija wa mayai ulioharibika, anataga magamba yenye mikunjo, ute kama maji, na huyo hana matibabu. Chanjo ya bronkaitisi iliyopigwa kwa wakati ndo inayokinga.

Tukirudi kwenye ngozi. Mtetea mnene kupita kiasi, anayeshinda na mahindi na pumba bila kutembea, ini lake linajaa mafuta mpaka linakuwa la njano na linapasuka kwa kidole. Nimeshasema ini ndo linatoa ZP1, na ndo linatoa pia karibu vifaa vyote vya kiini, mafuta na protini zake. Ukichinja mmoja wa hawa wanene wasiotoa vifaranga fungua tumbo uone ini kabla hujalitupa sufuriani, ini zima ni jekundu la kahawia, linang'aa, kingo zake kali. Likiwa la njano, limevimba, linamomonyoka, basi umepata sababu ya kushuku ini kwa mitetea yote inayokula chakula kile. Punguza mahindi, ongeza majani, waache watoke nje.

Na kuna sumu kuvu. Mahindi yaliyovunwa na unyevu, yakakaa kwenye kiroba sakafuni, yanaota ukungu unaotoa aflatoksini, na kiungo cha kwanza ambacho aflatoksini inakishambulia ni ini. Watu wanatenga mahindi mabovu wasile wao, wanawapelekea kuku wa mbegu, na nasema kwa moyo wote acheni hiyo tabia, tunajua Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo, sasa ini la kuku wa kilo mbili litaponea wapi? Kuku hafi papohapo, anaendelea kutaga kidogokidogo, mayai madogo, utotoaji unashuka, na wewe unabadilisha jogoo. Kama unashuku, peleka kuku aliyekufa na sampuli ya chakula kwenye maabara ya mifugo, Tanzania TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana vituo kanda mbalimbali.

DALILI: Kiini kinapasuka ovyo au kina mabaka, na yai ni bichi

Hapa hatuko tena kwenye jogoo hata kidogo, hapa ni ngozi. Na kwa wafugaji wa Kanda ya Ziwa swali la kwanza ninalouliza ni moja: unatumia mashudu ya pamba?

Shinyanga, Simiyu, Mwanza, mashudu ya pamba ni rahisi na yana protini nyingi, nawaelewa kabisa wanaoyanunua. Lakini yana vitu viwili vyenye matata. Kimoja ni gosipoli, inashikana na chuma kwenye kiini na kukigeuza kuwa cha rangi ya kahawia au kijani cha zeituni, hasa yai likikaa siku kadhaa. Kingine ni mafuta ya aina fulani yaliyobaki kwenye mashudu, yanaifanya ngozi ya kiini ipitishe vitu visivyotakiwa kupita, chuma ya kiini inavuja kwenda kwenye ute na ute unakuwa wa pinki, maji na protini za ute zinaingia kwenye kiini. Ukipasua yai lililokaa wiki ukakuta ute wa pinki na kiini cha kijanikijani usitafute mchawi, ni mashudu ya pamba. Utotoaji unashuka pia kwa sababu kiinitete kinaishi juu ya ngozi hiyo hiyo inayovuja. Kwa mitetea ya mbegu mimi ningetumia ya alizeti, ya Singida na Dodoma yapo ya kutosha, na soya ukiipata, ya pamba wape wanyama wanaocheua.

Swali la pili, kuna siku chakula cha mitetea kiliisha ukawapa cha broila? Baadhi ya vyakula vya broila vinachanganywa na dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) inayoitwa nikabazini. Kwa broila haina neno, wao hawatagi, ila kwa mtetea inaiharibu ngozi ya kiini, kiini kinatoka na mabaka, na utotoaji unaanguka. Kuna alama nzuri ya kuitambua: kuku wanaotaga mayai ya kahawia wanaanza kutaga meupe ghafla, ndani ya siku chache. Magonjwa kama mdondo nayo yanafifisha rangi ya gamba lakini hayo yanakuja na kukohoa, kuzubaa na mayai kupungua, wakati kwa nikabazini kuku ni wazima kabisa. Kama unadhani naongeza chumvi, huko Marekani na Italia dawa hii hii imesajiliwa kama uzazi wa mpango wa njiwa wa mjini, wanawatupia punje zenye nikabazini, njiwa wanataga na mayai hayaanguliwi. Ukiacha kuwapa, mitetea inarudi sawa baada ya muda mfupi, haiharibu moja kwa moja. Soma lebo ya mfuko, ukikosa kuona dawa iliyomo muulize muuzaji, na akishindwa kujibu usiwape kuku wa mbegu.

Amproliamu, ile dawa nyingine ya koksidia ya kuweka kwenye maji, haina tabia hii ya kuichubua ngozi na kufifisha gamba, kwa hiyo msichanganye majina.

DALILI: Mabichi yana pete safi, ila yaliyokaa siku kumi ndo hayatotoi

Basi jogoo ni mzima, mtetea ni mzima, mwenye shida ni stoo yako. Yai likitagwa linaanza kupoteza hewa ya kaboni kupitia vitundu vya gamba, ute unapanda kutoka pH (kipimo cha uchachu) ya 7.6 hivi mpaka zaidi ya 9 kwa siku chache, ute mzito unalegea, maji yanavutwa kutoka kwenye ute kwenda kwenye kiini, kiini kinavimba na ngozi inavutika ikiwa tayari imedhoofika. Joto linaharakisha yote haya. Dar na Tanga mwezi wa pili chumba kina nyuzi 32, yai la siku nne hapo limechoka kuliko la wiki nzima kwenye nyuzi 16.

Lengo ni nyuzi 15 mpaka 18 na usipitishe siku 7. Kama huna chumba cha baridi chimba pa kuhifadhia sehemu yenye kivuli, chungu juu ya mchanga mbichi kinasaidia, weka mayai ncha kali chini, kusanya mara tatu au nne kwa siku yasishinde kwenye kiota chini ya kuku aliyelala. Juu ya nyuzi 21 hivi mtoto anaanza kukua kidogokidogo bila mpangilio, alafu usiku baridi inamsimamisha, ndo unapata wale wanaokufa siku mbili tatu za mwanzo na ukimulika unawaita "hayana mbegu" wakati walikuwepo. Hapa kosa la kutafsiri linaua majogoo wengi! Kwa hiyo mayai meupe ya siku ya 7 usiyatupe bila kuyapasua, ukikuta duara la damu au utando uliotanuka juu ya kiini, hilo lilirutubika na mtoto alikufa, na sababu ni nyingine kabisa.

DALILI: Mayai yananuka, mengine yanapasuka ndani ya mashine

Hapa ni bakteria na nitapita haraka. Ukiosha mayai kwa maji unaondoa ule utando mwembamba wa juu ya gamba unaoziba vitundu, na ukiosha kwa maji baridi kuliko yai unavuta uchafu kuingia ndani. Tabaka la nje la ngozi ya kiini lina laisozaimu, protini inayovunja kuta za bakteria, na hiyo ndo kinga ya mwisho kabla hawajafika kwenye kiini, haiwezi kupambana na yai lililotagwa kwenye kinyesi alafu likaoshwa. Viota vikavu, maranda mapya, mayai machafu sana yawe ya kula nyumbani, yasiingie kwenye mashine.

DALILI: Yanarutubika, yanakua, yanakufa katikati au mwishoni

Hili si la ngozi wala jogoo na lina ulimwengu wake. Wakifa katikati, vidole vimekunja na manyoya yamejiviringa kama vifundo, fikiria upungufu wa vitamini B2 kwa mama. Wakifa siku za mwisho ndani ya gamba angalia joto la mashine, nyuzi 37.5 kwa zenye feni, unyevu wa asilimia 50 mpaka 55 na kupanda siku tatu za mwisho, na kugeuza. Umeme ukikatika saa nyingi hakuna protini itakayokuokoa. Ukioanisha ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa nako vifo vinaongezeka, leta damu mpya kutoka mbali.

Na vitamini E niiseme hapa ingawa inagusa kote: inalinda mbegu za jogoo zisioze zikiwa zimehifadhiwa kwa mtetea, na inamlinda mtoto anapokua. Majani mabichi ya kila siku, mchicha, lukina kiasi, majani ya viazi vitamu, yanaleta tofauti, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mbegu isiyopitwa na muda. Premiksi iliyofunguliwa ikakaa juani miezi ni vumbi tu.

UMEREKEBISHA, UPIME LINI TENA?

Watu wanabadili chakula leo, keshokutwa wanapasua yai, wanasema haijasaidia. Kiini kinachotagwa kesho kilianza kukua kwa kasi siku 7 mpaka 11 zilizopita na ngozi yake ilikuwa inashonwa muda wote huo na protini kutoka kwenye ini la wiki iliyopita. Kwa hiyo ukibadili chakula, ukitoa mashudu ya pamba, ukitupa mahindi ya ukungu, hesabu wiki mbili kamili kabla ya kupima, na kama ini liliharibika kwa mafuta au sumu mpe wiki tatu au zaidi. Ukibadili jogoo ni siku kumi za kupandana, alafu kumbuka mbegu za yule wa zamani zinaweza kuendelea kuonekana mpaka wiki ya tatu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayebadili jogoo, chakula, stoo na mashine wiki moja, hata vifaranga vikitoka hajui kilichosaidia. Baada ya muda huo rudia kipimo kilekile, mayai yaleyale kwa idadi, banda lilelile, pete ngapi, bila pete ngapi, viini vilivyopasuka vingapi, weka karibu na namba za mwanzo. Mapya yakiwa na pete 9 kwa 10 na viini vinashika, trei iingie kwenye mashine. Pete zikibaki chache lakini viini vinashika vizuri, rudi kwa jogoo na kwa mtetea mmoja mmoja. Pete zipo ila viini bado vinapasuka, rudi kwenye chakula, kisome kifuko kwa kifuko mpaka ukipate chanzo.